Magadi Kwenye Miche ya Mama Awino

Nyinyi vijana mnaosimama hapa langoni kuniuliza mbona sukuma wiki zenu zinageuka njano, nimewajibu mpaka nimechoka. Magoti yangu yalikataa kuinama mwaka jana, na sasa mdomo nao unataka kustaafu. Ndio maana nimenunua hili daftari. Shule niliiacha darasa la nne, na mwalimu wa hesabu hakulia. Lakini kwa miaka zaidi ya arobaini nimeotesha miche ya mboga nyuma ya ploti za kupangisha huku upande wa Bahati, na udongo wa kuioteshea nimeutengeneza mwenyewe kutoka kwa vile vitu mnavyofagia jikoni na kumpa mtu wa takataka.

Sitaanza na yale niliyojua. Nitaanza na ile mara niliua matuta matatu ya miche isiyo yangu, ikabaki kidogo nikose kazi na mahali pa kulala, mimi na mtoto mgongoni, kwa sababu ya maji ya githeri.

Miche ilikuwa ya Mama Awino. Huyo ndiye aliyenipa kazi. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli, na alipokufa, mama akatoka nyumba za reli akaja kupanga kwenye ploti yetu: vyumba kumi na viwili vya mabati vinavyotazamana, mfereji mmoja wa maji ya bomba katikati. Watu wake wanatoka upande wa magharibi, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Nakuru na alikuwa na haya meno yetu ya kahawia ambayo maji ya huku huwapa watoto. Mwenye ploti alimwachia kipande cha nyuma, kati ya bafu na ua wa michongoma. Kwa macho hakikuwa kitu. Udongo wetu mnaujua. Ni vumbi, ukimwagia maji yanapita kama kwa chujio, na upepo wa mwezi wa pili unalibeba mpaka kwa kikombe chako cha chai. Kwa hilo vumbi Mama Awino aliotesha sukuma, kabeji, managu, dania na nyanya, na watu walitoka Njoro kuja kununua miche kwake.

Mimi nilifika pale kutafuta nguo za kufua. Mama Awino akaniangalia mikono kabla ya kuniangalia uso.

"Unajua kuotesha?"

"Najua."

"Hujui. Kucha zako ni safi sana. Lakini hata mimi nilianza na kucha safi. Ingia."

Akanipa kazi, na akanipa stoo ya majembe nilale na mwanangu. "Stoo ni ya kazi," akaniambia. "Siku kazi imeisha, na stoo imeisha." Hakusema kwa ubaya. Alitaka nijue niliposimama, na nilijua.

Kazi ya kila asubuhi ilikuwa kuzunguka milango. Kila nyumba ilikuwa na ndoo kuukuu ya rangi, na ndani yake maganda ya ndizi, ya viazi, ya karoti, yale majani ya nje ya kabeji, mashina ya sukuma, maganda ya mayai, majani ya chai. Kwa ndoo unaijua nyumba, wajukuu wangu. Nilijua nani ana mimba kabla bwanake hajajua, maana ndoo ilijaa maganda ya ndimu. Nilijua nani ameachwa, maana maganda ya viazi yalipungua nusu. Mama Awino alinionya wiki ya kwanza.

"Ukiona mifupa ya kuku kwa ndoo ya mtu aliyesema kanisani amefunga, hujaona."

"Na akiniuliza?"

"Mwambie uliona ganda la yai lililokomaa."

Hiyo mifupa tuliitoa. Shikeni hilo kwanza. Nyama, mifupa, mafuta ya kukaangia na ukoko wa ugali haviingii shimoni. Ukiviweka unalea panya, na panya wa Nakuru hawana aibu, watakuja kukuangalia ukila.

Mashimo yalikuwa mawili, kina chake mpaka gotini. Moja linalishwa, lingine linaiva. Unakata maganda kwa panga, unayatandaza unene wa kiganja, juu yake nyasi kavu au majani makavu mara mbili ya hayo maganda, juu yake udongo kidogo, halafu maji ya kulowesha tu. Wengi wenu mnaweka maganda peke yake, kisha mnakuja kwangu kulia kwamba shimo linanuka kama choo cha stendi. Litakosaje kunuka? Mmelinyima nyasi.

Katikati unachomeka fimbo. Baada ya siku nne hivi unaichomoa na kuishika pale ilipokuwa chini. Ikiwa moto, shimo linafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi na inateleza, ongeza nyasi. Unageuza kila wiki ya pili, na miezi mitatu minne ikiisha hutambui ganda la kitu chochote isipokuwa la yai. Harufu inakuwa ile ya ardhi mvua ikianza. Ukichota konzi na usikie harufu ya jikoni, rudisha, haijaiva. Mimi nilikuwa na haraka mwaka mmoja nikaweka mbolea mbichi kwa kabeji, ikazichoma mizizi, nikauza kabeji ndogo kama ngumi ya mtoto. Watu walicheka sokoni wiki nzima.

Majani ya chai nayo. Chai yetu hatuchemshi kama wale wa kwenye picha, kikombe cha maji na kamba inaning'inia. Sisi tunachemsha na maziwa na sukari mpaka inapanda. Basi yale majani ukiyamwaga kwa mche yalivyo, umewaandikia sisimizi barua ya mwaliko. Yasuuze kwanza kwa maji kidogo. Hayo maji mpe mti wa parachichi, hana maneno. Majani yakikauka yachanganye na udongo wa tuta la miche, yatalifanya lishike maji. Maganda ya mayai yakaushe kando ya jiko, yasage kwa jiwe, tia kijiko kwa shimo la kila mche wa nyanya. Jivu ni kidogo sana, kama mtu anayetia chumvi kwa mboga, na usiweke kwa viazi kamwe, ngozi yake itatoka upele.

Na kwa kuwa nimetaja viazi. Maganda ya viazi vilivyotoka sokoni, usiyatupe moja kwa moja kwa bustani ya nyanya. Kuna ugonjwa wa mnyauko unasafiri ndani ya kiazi kama abiria asiyelipa. Kiazi unakila, hakina shida na tumbo lako, lakini ganda likiingia udongoni ugonjwa unashuka na kuhamia nyanya. Asubuhi ziko sawa, mchana zimelala, na hakuna dawa. Mimi maganda hayo nampelekea mwenye ng'ombe. Kama hauna jirani mwenye ng'ombe, yachemshe kwanza.

Haya ya mnyauko na sababu zake nimeelezwa na mjukuu wangu Wambui. Amepewa jina langu, na yuko chuo kikuu huko Njoro anasomea kilimo, wa kwanza kwa ukoo wetu wote. Nawaambia hilo hata kama hamjauliza. Mwaka wake wa kwanza alikuja likizo na chupa ya maji ya maganda ya ndizi aliyoyaloweka chumbani, alikuwa ameona kwa simu.

"Shosho, hii ni mbolea ya maji. Unanyunyizia tu."

Akafungua kifuniko. Mbwa wa jirani alitoka kwa ua.

"Hiyo mbolea," nikamwambia, "ina mdomo mbaya."

"Ni potasiamu, shosho."

"Potasiamu iko kwa ganda. Likate vipande, lifukie kando ya nyanya, lala. Kwa nini unalitesa?"

Akacheka, akamwaga. Lakini siku nyingine yeye ndiye aliyenieleza, kwa mchoro kwenye karatasi, ni kwa nini magadi inaua mche. Alisema mzizi unakaa ndani ya maji na hauwezi kuyanywa, kama mtu mwenye kiu amekaa kando ya ziwa letu la magadi hapo chini. Nikauchukua huo mchoro nikauangalia sana. Miaka yote hiyo nilikuwa najua kwa ulimi tu.

Sasa turudi kwa Mama Awino.

Ilikuwa kiangazi, karibu na mvua ya mwezi wa tatu. Akina mama wa kanisa walikuwa wameagiza miche ya sukuma ya kupanda mashambani kwao mvua ikishika, matuta matatu mazima. Ilikuwa agizo kubwa kuliko yote aliyowahi kupata, na kiongozi wao, Mama Chebet, mama mrefu wa kutoka Njoro asiyevua gambuti zake za mpira hata kwa mkutano, alikuwa na kawaida ya kwenda kwa muuzaji mara moja tu akikosewa. Miche ilikuwa na majani matatu matatu wakati Mama Awino alipopata habari kwamba kaka yake amefariki huko kwao. Akafunga mkoba.

"Nitakaa mpaka matanga yaishe," akaniambia. "Asubuhi maji, jioni maji. Mfereji ukikauka usikae ukiangalia. Maji ya sufuria yasimwagwe, mche unakunywa."

Hayo ndiyo maneno aliyosema. Nimeyakumbuka kuliko kiapo cha ndoa.

Siku ya tatu mfereji ukakauka. Si ajabu, kiangazi Nakuru mfereji hukohoa tu. Watu walinunua maji ya mkokoteni kwa kupikia, na hakuna aliyekuwa na ya kuoshea miguu, sembuse ya miche. Nikaona miche inainamisha vichwa. Nikakumbuka maji ya sufuria. Na kiangazi hicho ploti yote ilikuwa inapika nini? Githeri. Makaa yalikuwa haba, mahindi na maharagwe yake yalikuwa makavu kama kokoto, kwa hivyo kila nyumba ilitia magadi iive haraka, na ikiiva wanamwaga yale maji meusi kabla ya kukaanga. Mnaona mahali ninaelekea.

Nikagonga mlango kwa mlango. "Maji ya githeri msimwage, nipeni mimi." Jirani wangu Mama Nyokabi, aliyekuwa akinishikia mtoto kila asubuhi nikizunguka na ndoo, akaniuliza kama nimeanza kunywa supu ya mahindi.

"Ni ya miche."

"Miche inakula vizuri kuliko mimi," akasema, akanijazia debe.

Niliyapoza, maana sikuwa mjinga kabisa. Jioni nikanyunyiza. Kesho yake miche ikasimama wima, nikajisifu. Nikafikiria jinsi Mama Awino atakavyorudi aniite mwanangu. Siku ya nne ya kuyanyunyiza, ncha za majani zikawa kama karatasi iliyopitishwa kwa moto. Juu ya udongo kukawa na kitu cheupe, kama mtu amepita na unga. Mimi nikasema, hii ni njaa. Nikaongeza. Asubuhi na jioni, madebe mawili, kwa upendo wote.

Mama Nyokabi akaja kuangalia akiwa na mwanangu kiunoni.

"Umeiua."

"Haijakufa. Imechoka."

"Imechoka kuishi."

Tuta la kwanza lilianguka lote. La pili likafuata. La tatu likabaki na miche ya kuhesabika, myembamba, rangi ya jani la chai lililotumika. Sikulala vizuri. Kila nikimwangalia mtoto naiona stoo ikifungwa kwa kufuli, na sisi nje tukiwa na beseni na blanketi. Na hapo hofu ikanifundisha uongo. Mama Nyokabi alikuwa na kuku sita ambao hawakuwahi kusikia neno uzio. Nikaamua, nitasema ni hao.

Huyo mama alikuwa ananishikia mtoto bila malipo. Naandika hilo pia, Wambui akisoma ajue shosho yake hakuzaliwa mzuri.

Mama Awino alirudi asubuhi, kitambaa cheusi kichwani, macho yamevimba kwa kulia. Hakuingia ndani. Aliweka mkoba chini akaenda moja kwa moja kwa matuta, akasimama.

"Hii ni nini?"

"Ni kuku wa Mama Nyokabi. Waliingia wakachakura. Niliwafukuza lakini..."

"Kuku."

"Ndiyo, mama."

Akainama. Akachota udongo kwa kidole, akauweka kwa ulimi, akatema pembeni. Akajipangusa mdomo polepole kwa leso.

"Kuku wa Mama Nyokabi siku hizi wanakunya magadi," akasema.

Akanyoosha kidole chini. "Onja."

Nikaonja. Ilikuwa kama kulamba sabuni iliyotiwa chumvi. Mpaka leo mtu akinijia na mche mgonjwa, kabla sijauliza kitu naonja udongo wake, na nyinyi mnakunja uso. Endeleeni kukunja.

"Nani alipika githeri?" akauliza.

"Ploti yote."

"Na maji yote ukawanywesha hawa."

"Ulisema maji ya sufuria yasimwagwe."

Hapo akageuka akaangalia matuta, moja baada ya jingine. Nilifikiri anatafuta maneno ya kunifukuza. Baadaye akasema, "Mimi nilikuwa nafikiria sufuria yangu. Maji ya kuosha mchele. Maji ya mayai. Maji ya viazi bila chumvi, yakiwa baridi." Akaokota mkoba. "Nenda kwanza kwa Mama Nyokabi umwambie habari ya kuku wake. Kisha rudi ushike koleo."

Nikaenda. Nilifika mlangoni nikasema yote kwa pumzi moja, ninaangalia miguu yangu. Mama Nyokabi alikuwa anachambua mchele.

"Kuku wangu wana makosa mengi," akasema. "Wamekula sabuni yangu, wamekunya kwa kiti cha mchungaji. Lakini hilo hawajafanya." Akaanza kucheka mpaka mchele ukamwagika. Alipomaliza akanipangusa machozi kwa kona ya leso yake na kusema mtoto nimlete kesho kama kawaida. Nimeishi na watu wengi waliosoma kunishinda. Wachache walinifundisha kitu kikubwa kuliko kile nilichofundishwa na mwanamke anayeokota mchele sakafuni.

Kama umeshafanya kosa langu, dawa yake ni hii. Kwangua ule weupe wa juu, unene wa vidole viwili, ukautupe mbali na shamba la mtu. Maji safi yakipatikana, mwagia tuta maji mengi kupita kawaida, yashuke na chumvi, ngoja siku mbili, mwagia tena. Kisha changanya mbolea iliyoiva, nyingi, ndoo baada ya ndoo. Kisha onja. Udongo ukikuuma ulimi, rudia. Mfereji ulirudi siku mbili baadaye, nikafanya hivyo mpaka mgongo ukaimba.

Lakini udongo kupona ni jambo moja, na miche ni jingine. Mbegu ukizimwaga leo zinataka mwezi na zaidi. Mvua ilikuwa na wiki tatu kufika, ikipenda. Na Jumamosi akina mama wangekuja kuona miche yao. Nilijua bila kuambiwa: wakiondoka na hasira, agizo limekwenda, Mama Awino hatahitaji mtu wa kumsaidia, na stoo ni ya kazi.

Wakaja saba. Mama Chebet mbele na gambuti zake, gunia tupu begani, kwa sababu alikuwa mtu wa kujitayarisha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bafu na mtoto mgongoni, nimeshafungasha nguo zetu ndani ya stoo.

"Mama Awino, pole kwa msiba."

"Asante."

"Miche yetu iko wapi?"

"Imekufa."

Hakuweka hata sukari kidogo. Mama mmoja akaguna.

"Imekufa aje?"

"Imenyweshwa magadi. Nilimwambia msichana wangu asimwage maji ya sufuria, sikumwambia ni sufuria gani. Nilimfundisha nusu nikaenda msibani. Kosa ni langu."

Msichana wangu. Aliniita hivyo mbele ya watu saba, siku ambayo angeweza kuniita jina lolote. Nilitoka nyuma ya bafu bila kujua nimetoka.

"Si lake peke yake," nikasema. "Nilidanganya pia. Nilisingizia kuku."

Akina mama wakacheka, wote isipokuwa Mama Chebet. "Mvua haitasikia habari ya kuku," akasema. "Tutapanda nini?"

Mama Awino akawapeleka kwa lile shimo lililoiva. Akapiga magoti na kitambaa chake cheusi, akachota konzi mbili na kuwaonyesha. Nyeusi, laini, nyungunyungu wanajikunja ndani. "Kila mmoja wenu ana sukuma mzee nyumbani," akasema. "Lile shina refu kama mwiko, limechoka, mnangoja kumpa ng'ombe. Angalieni pembeni yake. Linatoa vichipukizi, vidogo, kama kidole. Vivunjeni na kipande cha gome la shina, toeni majani makubwa. Tuvichomeke humu, kivulini, maji safi kidogo kila siku. Wiki tatu vina mizizi. Havitapendeza macho kama miche ya mbegu, lakini vitapata mvua."

Nyinyi mnanunua mbegu kila msimu na vichipukizi mnalisha mbuzi. Basi, sasa mmejua.

Na msikae roho juu, nitawaambia mapema: vilishika. Si vyote. Vingine vilioza kwa sababu nilivizamisha sana, vingine vikakauka kwa sababu niliogopa maji kupita kiasi. Lakini vilivyoshika vilitosha kila mama kupanda shamba lake, mvua ilipofika ikavikuta ardhini, na akina mama hao walinunua kwetu mpaka Mama Awino alipozeeka akarudi kwao na kuniachia majembe. Namshukuru kwa majembe. Namshukuru kwa stoo ambamo mwanangu alijifunzia kutembea, huyo huyo baba yake Wambui. Nawashukuru majirani wa ile ploti, walionipa maganda yao kila asubuhi na kuniamini na siri zilizokuwa ndani. Lakini shukrani yangu kubwa ni ya hiyo Jumamosi, na ya dakika moja ya hiyo Jumamosi, ambayo ni hii.

Mama Chebet alishika ule udongo mweusi, akaunusa, akaurudisha. "Sawa," akasema. "Na nani atavitunza hivyo vichipukizi? Wewe una wageni wa msiba."

Hakuna aliyeniangalia. Kwa hivyo nilijua wote wananifikiria.

"Huyu," Mama Awino akasema.

"Huyu wa magadi?"

"Huyu wa magadi. Nitafutie mtu mwingine Nakuru yote anayeogopa magadi kama huyu leo."

Mama Chebet akageuka. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwa malapa, akamtazama mtoto, akarudi kutazama mikono yangu, ambayo wiki hiyo ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Akashusha gunia begani na kulisukuma kifuani kwangu.

"Kwangu kuna mistari minne ya sukuma mzee," akasema. "Twende tukavunje. Nataka kuona vile unashika."

Nikalikunja gunia nikaliweka kwapani. Mama Nyokabi alikuwa amefika kwa ua kusikiliza, akanyoosha mikono bila kuulizwa, nikamfungulia mtoto mgongoni nikampa. Mama Chebet alikuwa ameshatoka langoni, na gambuti zake zilikuwa na mwendo. Nilimkimbilia.